Jinsi ya Kuhakiki Maonyesho ya Filamu Bubu ya Nairobi Katika Magazeti ya Kikoloni: Mwongozo Kamili

Wengi wanaoandika habari za sinema za zamani za Nairobi hukwama mahali pamoja. Wanafungua gazeti la East African Standard, wanakutana na tangazo, kisha wanaandika: "Filamu hii ilionyeshwa Nairobi tarehe fulani." Hapo wameshateleza. Tangazo ni ahadi ya mwenye ukumbi, tena ahadi ya kulipiwa. Huenda treni kutoka Mombasa ilichelewa na mikanda, huenda mashine iliharibika, au tangazo lenyewe ni la wiki mbili nyuma na fundi wa chapa hakuliondoa.

Mwongozo huu unakutoa kwenye rafu ya magazeti na kukufikisha kwenye sentensi unayoweza kuitetea. Unahusu miaka ya 1908 hadi 1930 hivi, kabla ya filamu za sauti kuenea. Fuata hatua kwa mpangilio wake, maana kila moja inategemea ile iliyotangulia.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Magazeti. East African Standard ndiyo nguzo. Lilianzishwa Mombasa mwaka 1902 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee kwa jina la African Standard, likabadilishwa jina baada ya kuuzwa mwaka 1905, likahamia Nairobi mwaka 1910. La pili ni The Leader of British East Africa, lililoanza Nairobi mwaka 1908 na baadaye kumezwa na Standard mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kwa muda magazeti haya mawili yalikuwa mahasimu wa kibiashara, na uhasimu huo ni faida kwako: kosa la moja mara nyingi hufichuliwa na jingine.

Gazeti la Serikali. Hadi 1920 liliitwa Official Gazette of the East Africa Protectorate, kisha likawa la Koloni ya Kenya. Matoleo yake mengi yanasomeka bure mtandaoni, kwa mfano kwenye Gazettes.Africa. Humo hakuna sifa za filamu. Utapata sheria, leseni, usajili wa kampuni, kuvunjika kwa ubia na kufilisika.

Mahali pa kusomea. Kumbukumbu za Taifa za Kenya pale Moi Avenue, Maktaba ya McMillan iliyoko Banda Street, au mikrofilamu (picha ndogo za kurasa kwenye mkanda) za British Library. Uliza kabla ya kwenda ni miaka ipi inapatikana, na kama utapewa gazeti lenyewe au mikrofilamu.

Vifaa vya mezani:

- Penseli mbili na daftari. Kalamu ya wino haitakiwi karibu na karatasi za zamani.
- Rula yenye inchi na sentimita.
- Simu yenye kamera nzuri na nafasi ya kutosha, pamoja na betri ya akiba.
- Barakoa. Karatasi ya gazeti ya miaka mia hutoa vumbi linalokera koo.
- Kalenda ya miaka yote, ya karatasi au ya programu.
- Lahajedwali (spreadsheet) iliyotayarishwa kabla ya kwenda, si baada ya kurudi.
- Ramani ya Nairobi yenye majina ya zamani ya mitaa.

Kuhusu ramani: Sixth Avenue ilikuja kuitwa Delamere Avenue na leo ni Kenyatta Avenue. Government Road ni Moi Avenue, Victoria Street ni Tom Mboya Street, Hardinge Street ni Kimathi Street, Bazaar Street ni Biashara Street. Bila orodha hii, ukumbi mmoja utauhesabu mara mbili.

## Hatua ya 1: Chagua kipindi kifupi kisichokatika

Anza na miezi mitatu mfululizo. Usichague "wiki ya kwanza ya kila mwezi kwa miaka kumi", hata kama inaonekana kuwa kazi kubwa zaidi.

Sababu ni namna filamu zilivyofika. Mikanda ilikuja kwa meli hadi Mombasa, ikapanda reli hadi Nairobi. Programu, yaani orodha za filamu za kila onyesho, zilifuata meli, na meli hazikufuata tarehe za mwezi. Ukichukua wiki mojamoja, unaona vipande vya programu bila kujua kipi kilirudiwa, kipi kilikuwa kipya na kipi hakikufika kabisa. Miezi mitatu ikisomwa mfululizo inakupa mdundo wa ukumbi: siku za kubadilisha programu, siku za mapumziko, wiki za mbio za farasi ambapo walowezi walijaa mjini na kumbi zikaongeza maonyesho.

Mwaka 1912 unafaa sana kuanzia. Ndio mwaka Theatre Royal ilipofunguliwa katika barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue, jengo ambalo wakazi wa baadaye walilijua kama sinema ya Cameo. Mwaka huohuo ikaja sheria ya kusimamia michezo ya jukwaani na maonyesho ya sinema. Ukumbi na sheria kwa pamoja vina maana kwamba maandishi ni mengi.

Umefaulu ukiwa na tarehe mbili tu zilizoandikwa juu ya daftari: ya kuanzia na ya kuishia.

## Hatua ya 2: Tengeneza daftari la matoleo kabla ya kutafuta filamu hata moja

Andika kila tarehe ambayo gazeti lilipaswa kutoka. Gazeti la kila siku isipokuwa Jumapili lina takribani matoleo 310 kwa mwaka, kwa hiyo miezi mitatu ni karibu 78. Kila tarehe ipe alama moja kati ya tatu: *limeonekana*, *halipo*, *limeharibika*.

Watu huiruka hatua hii kwa sababu haina utamu. Matokeo yake, mtu anaandika kwamba "mwezi Agosti hapakuwa na sinema" kumbe jalada la Agosti lina kurasa zilizokatwa kwa wembe. Ukimya wa gazeti na ukosefu wa gazeti ni mambo mawili tofauti kabisa.

Andika pia ni toleo gani unalosoma. Magazeti ya namna hii yaliweza kuwa na toleo la kila siku na toleo la wiki kwa wasomaji wa mbali. Toleo la wiki hubeba habari lakini huacha matangazo mengi ya siku. Ukisoma la wiki ukidhani ni la kila siku, utapata filamu chache mno na hutajua kwa nini.

Umefaulu ukiweza kusema: "Kati ya matoleo 78, nimeona 71, manne hayapo, matatu yameharibika."

## Hatua ya 3: Soma ukurasa kwa ukurasa, usitegemee kutafuta neno

Hata kama una nakala ya kidijitali, utafutaji wa neno hukosa matangazo mengi ya sinema. Programu ya kusoma maandishi imezoea safu ndogo zilizonyooka. Tangazo la sinema lina herufi kubwa za mapambo, mistari ya kupinda na majina yaliyokatwa katikati. Programu hulisoma kama takataka, au huliunganisha na tangazo la whisky lililo kando yake.

Zaidi ya hapo, maneno ya wakati ule si ya leo. Ukilazimika kutafuta kwa neno, jaribu haya yote: "bioscope", "cinematograph", "kinema", "animated pictures", "living pictures", "biograph". Na "tonight" wakati huo iliandikwa "to-night", kwa kistari. Kistari hicho kimoja kinatosha kukunyima matangazo ya mwaka mzima.

Pitia ukurasa wa mbele kwanza. Magazeti ya mtindo wa Kiingereza ya enzi hiyo yaliweka matangazo mbele, si habari. Kisha safu ya habari fupi za mjini, halafu barua kwa mhariri, halafu habari za mahakama na za baraza la mji. Usitafute neno "theatre" pekee, kwani sinema ilionyeshwa pia katika kumbi za hoteli na za klabu.

Tahadhari: ukiona neno "cinematograph" karibu na simba au kifaru, tulia. Afrika Mashariki ilikuwa mahali pa kupigia filamu za uwindaji. Mpiga filamu Cherry Kearton alimpiga picha Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, huku mwaka 1909, na msafara wa mwindaji Paul Rainey ulizaa filamu maarufu ya uwindaji iliyotoka 1912. Habari ya mtu kupiga filamu Kenya si habari ya filamu kuonyeshwa Nairobi. Ziweke katika jedwali tofauti.

## Hatua ya 4: Piga picha kwa namna itakayokusaidia baada ya mwaka mmoja

Kwa kila andiko piga picha mbili: ukurasa mzima wenye tarehe juu, kisha andiko lenyewe kwa karibu likiwa na rula pembeni. Bila rula huwezi kujua ukubwa wa tangazo, na ukubwa ni ushahidi. Tangazo lenye urefu wa inchi 6 katika safu 2 ni inchi-safu 12. Ukumbi ukishuka kutoka 12 hadi 3 ndani ya mwezi mmoja, kuna jambo: fedha zimepungua, au mwenye ukumbi amebadilika. Hapo ndipo unapokwenda kwenye Gazeti la Serikali kutafuta ubia uliovunjika.

Ipe picha jina siku hiyohiyo: EAS_1912-06-12_uk1_saf3. Gazeti, mwaka-mwezi-siku, ukurasa, safu. Jina la mpangilio huu hujipanga lenyewe kwenye kompyuta.

## Hatua ya 5: Tafuta tarehe ya onyesho, si tarehe ya gazeti

Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa, kwa hiyo tuende polepole.

Magazeti ya wakati huo hayakupenda kutaja mwezi. Yalitumia vifupisho vitatu:

- inst. ni mwezi huuhuu.
- ult. ni mwezi uliopita.
- prox. ni mwezi ujao.

Chukua mfano tuliotunga kwa ajili ya mazoezi. Gazeti la Jumatano, 12 Juni 1912, linasema "Saturday, 15th inst." Onyesho ni Jumamosi, 15 Juni 1912. Gazeti la 30 Mei likisema "1st prox.", onyesho ni 1 Juni.

Sasa mtego wenyewe. Tuseme katika gazeti la mwezi Juni 1912 unakuta "Saturday, 11th". Fungua kalenda. Tarehe 11 Juni 1912 ilikuwa Jumanne. Tarehe 11 Mei ndiyo ilikuwa Jumamosi. Tangazo hili limebaki tangu Mei, na halithibitishi chochote kuhusu Juni.

Kwa nini hutokea? Tangazo lilipangwa kwa herufi za risasi, zikafungwa pamoja kama tofali. Kuliacha tofali mahali pake ni rahisi kuliko kulivunja, hasa kama mteja amelipia wiki kadhaa. Mara nyingine chini ya tangazo kuna alama ndogo kama "t.f.", maana yake liendelee mpaka mteja aagize liondolewe. Ukiiona alama hiyo, lichukulie tangazo kama ubao wa dukani: linakuambia ukumbi upo, halikuambii kilichoonyeshwa usiku ule.

Fanya hivi kwa kila tangazo:

1. Andika siku ya wiki na tarehe kama zilivyochapwa.
2. Zilinganishe na kalenda.
3. Zikipingana, angalia mwezi uliopita kabla ya kusema ni kosa la chapa.
4. Linganisha tangazo na lile la toleo lililotangulia, neno kwa neno. Kama hata kosa la tahajia limerudi vilevile, ni tofali lilelile.

Umefaulu ukiwa na safu mbili tofauti katika lahajedwali, *tarehe ya gazeti* na *tarehe ya onyesho*, na ya pili ikiachwa wazi pale isipojulikana. Nafasi tupu ni jibu halali.

## Hatua ya 6: Tenganisha tangazo, sifa za kulipiwa na ripoti

Gazeti lina sauti kadhaa na zote zimevaa herufi zilezile. Zitenganishe hivi.

Tangazo lina mpaka au mstari, bei na saa. Hili halina utata.

Sifa za kulipiwa zimo ndani ya safu ya habari na zinafanana na habari. Zitambue kwa wakati wa kitenzi: zinazungumzia kitakachokuwa. Husifu bila kueleza, hurudia maneno ya tangazo lililo ukurasa mwingine wa toleo hilohilo, na mara nyingi huanza kwa maneno kama "we are informed" au kuahidi kwamba wateja hawatajuta. Mwandishi wake ni meneja wa ukumbi, hata kama jina lake halipo.

Ripoti inazungumzia kilichokwisha. Lakini wakati uliopita peke yake hautoshi, kwa sababu meneja naye aliweza kuandika asubuhi kwamba usiku "ulifana". Tafuta kitu ambacho hakingeweza kuandikwa kabla ya onyesho: taa zilizimika, mkanda ulikatika katika reeli (gurudumu la mkanda) ya tatu, mpiga piano hakuja, mvua iligonga mabati hadi muziki haukusikika, onyesho lilichelewa kwa sababu treni ya barua ilichelewa. Jambo dogo la bahati mbaya ndilo ushahidi bora kuliko mistari kumi ya sifa.

Barua kwa mhariri ni hazina isiyotumika. Anayelalamikia joto, kelele, kofia za wanawake walioketi mbele au bei ya viti amekuwepo ukumbini. Angalia tarehe ya barua, si ya gazeti tu.

Habari za mahakama, moto na leseni hazitaji filamu, ila zinathibitisha ukumbi. Mikanda ya wakati huo ilikuwa ya nitrati na ilishika moto upesi mno, kwa hiyo chumba cha mashine, milango ya kutokea na ndoo za mchanga viliwahusu wakuu wa mji. Ukumbi ulioamriwa kufungwa kwa ajili ya marekebisho haukuonyesha kitu wiki hiyo, hata kama tangazo lake liliendelea kutoka.

## Hatua ya 7: Itambue filamu bila kujidanganya

Andika jina kama lilivyochapwa, pamoja na makosa yake. Katika safu nyingine weka jina ulilothibitisha. Usichanganye mawili haya kamwe. Filamu zilipewa majina mapya zilipovuka bahari, na wachapaji walikosea majina ya kigeni kila wiki.

Ili kuthibitisha, unahitaji angalau vitu viwili vinavyokubaliana kati ya hivi: mwigizaji, kampuni iliyotengeneza, urefu au idadi ya reeli, muhtasari wa hadithi, jina la mhusika.

Jina la Charlie Chaplin peke yake si utambulisho. Mwaka 1914 pekee alitokea katika filamu fupi zaidi ya thelathini za kampuni ya Keystone, 1915 akawa na kampuni ya Essanay, kisha Mutual, na filamu hizo fupi ziliendelea kuzunguka kwa miaka, nyingine kwa majina mapya. Hapa urefu unasaidia. Tangazo likisema reeli mbili, haiwezi kuwa The Kid ya 1921, ambayo ni ya reeli sita.

Filamu za mfululizo ni rahisi zaidi, na zinafaa kama saa ya kupimia. The Perils of Pauline ya 1914 ina sehemu 20. Ukumbi ukionyesha sehemu mbili kila wiki, mfululizo wa namna hiyo unamalizika kwa wiki 10. Ukikuta sehemu ya 7 na 8 wiki hii, wiki ijayo tarajia 9 na 10. Wiki ijayo ikitangaza tena 7 na 8, ama onyesho liliahirishwa, ama una tofali la risasi mbele yako. Rudi Hatua ya 5.

Kipimo cha mwisho: linganisha na tarehe ya filamu kutoka mara ya kwanza Ulaya au Marekani. Tangazo la Nairobi likitangulia tarehe hiyo, umekosea filamu. Likifuata baada ya miezi mingi au miaka miwili, usishangae, kwani mikanda ilizunguka masoko mengine kabla ya kufika huku.

## Hatua ya 8: Soma urefu, saa na bei kwa vipimo vya wakati ule

Urefu. Matangazo hutaja futi au reeli. Mkanda wa milimita 35 una picha 16 kwa kila futi, na reeli kamili ni futi 1,000. Kwa mwendo wa picha 16 kwa sekunde, reeli moja huchukua dakika 16 na sekunde 40. Kwa picha 20 ni dakika 13 na sekunde 20. Kwa picha 24, mwendo wa filamu za sauti, ni dakika 11 na sekunde 7 hivi. Kwa hiyo programu ya futi 6,000 yaweza kuwa dakika 100 au dakika 80 kwa mkanda uleule, kutegemea mkono wa aliyezungusha mashine. Usiandike dakika kama ukweli. Andika futi, kisha kadirio la chini na la juu, ukiongeza dakika mbili hivi kwa kila mabadiliko ya reeli ikiwa ukumbi ulikuwa na mashine moja.

Saa. Kosa hili ni letu sisi tunaoandika Kiswahili. "9.15 p.m." ni saa tatu na robo usiku. Ukiandika "saa 9:15 usiku", msomaji wako ataelewa saa tisa na robo, alfajiri inakaribia. Onyesho la "5.30 p.m." ni saa kumi na moja na nusu jioni. Katika lahajedwali weka saa kama ilivyochapwa, na saa ya Kiswahili katika safu ya pili.

Bei. Kabla ya 1920 fedha ilikuwa rupia, na rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja ya Uingereza. Rupia moja basi ni shilingi moja na peni nne, yaani peni 16, kwani shilingi ilikuwa na peni 12. Mwaka 1920 thamani ya rupia ilipandishwa hadi shilingi mbili, ikaja florini ya shilingi mbili, na muda mfupi baadaye shilingi ya Afrika Mashariki ikachukua nafasi yake. Zote hizi ziligawanywa kwa senti 100, na hapo ndipo hatari ilipo.

Tazama kiti cha "50 cents". Kama ni senti za rupia ya 1914, ni peni 8. Kama ni senti za florini, ni shilingi nzima. Kama ni senti za shilingi ya 1923, ni peni 6. Namba ni ileile, bei ni tatu tofauti. Mtu asiyejua hili huandika kwamba bei ya sinema haikubadilika kwa miaka kumi. Matangazo yote ya 1920 hadi 1922 yawekee alama nyekundu, na usiyageuze kuwa fedha nyingine mpaka uone sarafu imetajwa katika toleo hilohilo, hata ikiwa kwenye tangazo la duka jirani.

## Hatua ya 9: Lipe kila onyesho daraja

Kila mstari wa lahajedwali sasa upate herufi moja:

- A: ripoti yenye jambo lisiloweza kuandikwa kabla, au barua ya aliyekuwepo.
- B: tangazo la siku ya onyesho lenye tarehe sahihi, na linaungwa mkono na gazeti la pili au andiko jingine lisilorudia maneno yake.
- C: tangazo moja lenye tarehe sahihi, basi.
- D: tangazo lisilo na tarehe, au linaloonekana kubaki.
- X: kuna ushahidi kwamba onyesho liliahirishwa au kufutwa.

Usiogope wingi wa C. Katika gazeti la kila siku ndizo nyingi, na kazi yenye C nyingi zilizokubaliwa wazi ina thamani kubwa kuliko yenye A za kujitungia. X nazo zitunze vizuri, maana ndizo zinazoeleza jinsi biashara ilivyoendeshwa hasa: meli zilizochelewa, mashine zilizokufa, wasafiri wa maonyesho walioondoka mjini bila kulipa.

## Hatua ya 10: Uliza nani hayumo kwenye ukurasa

Standard na Leader yaliandikwa kwa ajili ya walowezi. Yakisema "everyone was there", neno hilo lina mipaka ya rangi, na ukilitafsiri "watu wote wa Nairobi walikuwepo" utakuwa umesema uongo kwa kinywa chako mwenyewe. Tafsiri sahihi ni kwamba Wazungu waliojulikana mjini walikuwepo. Wahindi waliokuwa wakiendesha sehemu kubwa ya biashara ya mji, na Waafrika waliobeba mikanda kutoka stesheni, kufagia ukumbi na kusimama nyuma kama waliruhusiwa, hawaonekani mpaka kutokee ugomvi, wizi au malalamiko.

Kwa hiyo fungua safu iitwayo *hadhira* na uijaze tu pale andiko linapotaja. Tafuta dalili hizi: viti vya bei tofauti vikitajwa pamoja na kundi la watu, onyesho "maalumu" la siku tofauti, tangazo la filamu ya Kihindi, mjadala wa wakuu kuhusu filamu zipi Waafrika waonyeshwe. Kwa mwanzo wa miaka ya 1920 tafuta pia East African Chronicle la Manilal Desai, gazeti lililosema kwa niaba ya Wahindi. Usitarajie ratiba za sinema humo. Linakuonyesha mji uleule kutoka upande mwingine wa barabara.

Safu hii itabaki tupu mara nyingi, nawe usiijaze kwa kukisia. Ukihesabu mistari mitupu na kuitaja hesabu hiyo katika kazi yako, umemwonyesha msomaji ukubwa wa kilichofichwa.

## Hatua ya 11: Andika sentensi inayolingana na daraja

Kiswahili kinakupa vitenzi vya kutosha, vitumie kwa uangalifu:

- Daraja A: "Ilionyeshwa Theatre Royal usiku wa..."
- Daraja B: "Yaelekea ilionyeshwa..."
- Daraja C: "Ilitangazwa kuonyeshwa..."
- Daraja D: "Jina lake linatokea katika matangazo ya..."
- Daraja X: "Ilitangazwa, lakini haikuonyeshwa siku hiyo..."

Kabla ya kuchapisha, mpe mtu mwingine mistari kumi ya lahajedwali bila mpangilio, pamoja na picha zake, akiwa hajaona madaraja yako. Naye apange mwenyewe. Mkitofautiana katika miwili au pungufu, endelea. Mkitofautiana katika mitatu na kuzidi, tatizo karibu kila mara liko Hatua ya 6: mmoja wenu amesoma sifa za meneja akadhani ni ripoti. Rudini pamoja kwenye picha ya ukurasa mzima, mtafute tangazo la ukumbi huo katika toleo hilohilo, muweke rula chini ya kila sentensi na kulinganisha maneno.